Nikisema "nilisoma", nimemwibia Mungu?

Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Dodoma. Mwaka huu nimemaliza mitihani ya uhasibu ya CPA baada ya somo la kodi kuniangusha mara mbili. Jumapili ya shukrani nilisimama mbele ya usharika nikaeleza nilivyokuwa naamka saa tisa usiku kusoma kabla ya kwenda kazini, na mama alivyotoa fedha yake ya kikoba kunilipia ada ya mtihani. Nilipokaa, mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza: "Binti, umejieleza mno. Mpe Mungu utukufu." Nimeumia. Je, kusema nilisoma ni kumwibia Mungu utukufu wake? Na lingine linaninyima usingizi zaidi ya hilo: rafiki yangu tuliyefunga na kuomba pamoja amefeli. Mimi nikisema "Mungu amenifaulisha", yeye aseme Mungu amemfanyaje?

Jibu: Binti yangu, nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ambapo mtu amekwambia hongera, sijapaona. Basi ipokee kwangu: hongera sana. Somo la kodi limewatoa jasho watu wazima na ndevu zao, na wewe umelirudia hadi ukalipita, huku asubuhi unatakiwa kazini.

Sasa huyo mzee wetu. Usimkasirikie upesi. Watu wa rika lake, ambalo ni rika langu pia, tumelelewa na methali ya mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwetu sifa ilikuwa kitu cha kuogopwa. Mtoto akishika namba moja darasani, baba anaguna tu, kisha anauliza ile hesabu moja aliyokosa ilikuwaje. Na mtu aliyekaa miaka mingi benchi la mbele kanisani amesikia shuhuda za kila namna. Amesikia ule wa gari jipya ulioanza na "Mungu ni mwema" ukaishia kwenye ukubwa wa injini. Kwa hiyo anapomwona binti anasimulia saa zake za kusoma, kengele inalia kichwani. Ni vizuri kanisa liwe na watu wenye kengele hiyo. Ila kwa unavyonieleza, safari hii nadhani imemlilia asiyehusika.

Nasema hivyo kwa sababu ya maneno yenyewe aliyokunong'oneza. "Mpe Mungu utukufu" ni maneno ya Biblia, na mahali yanapotokea panashangaza kidogo. Fungua Yoshua sura ya 7. Israeli wamepigwa na watu wachache wa mji wa Ai, kisa mtu mmoja, Akani, ameiba vitu vilivyowekwa wakfu pale Yeriko: vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavifukia ndani ya hema yake. Kura zinapigwa, zinamwangukia. Yoshua anamwita "mwanangu", anamsihi amtukuze Bwana, Mungu wa Israeli, na hapo hapo anamfafanulia afanyeje: aungame, aseme alichokitenda, asimfiche. Hapakuwa na pambio wala kupiga makofi siku hiyo. Utukufu uliotakiwa kwa Akani ulikuwa afungue kinywa aseme kweli.

Karne nyingi baadaye, katika Yohana sura ya 9, wakubwa wa dini wanamwita mara ya pili yule mtu aliyezaliwa kipofu akaponywa. Wanamwambia maneno yale yale: mpe Mungu utukufu. Ilikuwa namna ya kumwapisha shahidi, kama leo unavyoshikishwa Biblia au Kurani mahakamani kabla hujaulizwa lolote. Kichekesho ni kwamba wao walitaka, chini ya kiapo hicho kitakatifu, aseme uongo: amsifu Mungu huku akimkana Yesu aliyempaka tope machoni. Yule bwana akagoma. Akashikilia anachokijua, alichokwisha kuwaambia mara ya kwanza: nilipakwa tope, nikanawa, sasa naona. Sikiliza anavyosimulia. Tope limo. Kunawa kumo, na kunawa alikwenda mwenyewe, kipofu, akipapasa njia mpaka birika la Siloamu. Hakuiruka sehemu yake ili muujiza uonekane mkubwa zaidi.

Mimi nasimama hapo. Kumpa Mungu utukufu ni kusema ukweli wa lililotokea, wote, na yeye akiwemo ndani ya ukweli huo. Saa tisa usiku ni ukweli. Kikoba cha mama ni ukweli. Ukivificha ili Mungu abaki peke yake jukwaani, umetoa ushuhuda nusu, na shahidi wa nusu tunajua mahakama humwitaje.

Hata neno lenyewe linasaidia. Kwa Kiebrania utukufu ni kavodi, na mzizi wake ni uzito. Sisi nasi tuna lugha hiyo, tunasema mtu fulani ni mzito, au neno lake lina uzito. Kumpa Mungu kavodi ni kumpa uzito anaostahili katika hesabu nzima. Wewe ni mhasibu. Unajua kwamba akaunti moja haikui kwa kufuta maingizo ya nyingine.

Najua mzee atauliza: si imeandikwa tusiseme ni nguvu zetu? Imeandikwa, naye ana haki ya kuuliza. Kumbukumbu la Torati 8:17 linasema: "Hapo usiseme moyoni mwako, Nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu." Lakini soma mstari unaofuata taratibu, maana wengi huukimbia: "Bali utamkumbuka BWANA, Mungu wako, maana ndiye akupaye nguvu za kupata utajiri." Ameandika "nguvu za kupata". Mungu wa mstari huu hamletei mtu mali mlangoni imefungwa kwenye sanduku. Anampa nguvu, na nguvu kazi yake ni kutumika. Sura hiyo hiyo, mistari michache juu, inaisifia nchi ya ahadi kwamba vilima vyake vina shaba ya kufukua. Shaba hiyo ilitaka sururu na mtu wa kuishika.

Tena onyo limewekwa pahali maalumu: moyoni. "Usiseme moyoni mwako." Mtu anaweza kutaja jina la Mungu mara ishirini kwenye maikrofoni na moyoni anasema ni mkono wangu. Na mwingine akataja saa zake za kusoma bila kujisifia chochote, kwa kuwa anajua aliyemwamsha.

Paulo analisema hili vizuri kuliko sisi sote. Katika 1 Wakorintho 15:10 anaandika kwamba kwa neema ya Mungu amekuwa hivi alivyo, halafu, bila haya hata kidogo, anaongeza kwamba alizidi kufanya kazi kupita mitume wengine wote. Wote! Leo angesema hivyo kwenye usharika wako angenong'onezwa na wazee watatu. Kisha anageuka tena: wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami. Hakuona ubishi kati ya sentensi hizo. Na ndiye huyo huyo aliyewauliza Wakorintho katika sura ya 4: "Nawe una nini usichokipokea?" Swali hilo libebe pia, maana linashuka chini zaidi ya ulivyozoea. Ile nidhamu ya kuamka, uliipokea kwa nani? Macho yanayosoma usiku wa manane bila kuuma? Mama mwenye kikoba? Tulisoma shule za msingi na mabinti wenye akili za kutuzidi, leo wako nyumbani kwa sababu tu darasa la saba lilipoisha hakukuwa na mtu wa kusema mwanangu endelea. Augustino, askofu wa Hipo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliandika karne ya 5 kwamba Mungu akizivika taji stahili zetu, anachokivika taji ni karama zake mwenyewe. Hakusema stahili hazipo.

Na kwa kuwa wewe ni Mlutheri mwenzangu, nikuongezee la kwetu. Luther alipofafanua Zaburi ya 147 alisema kazi zetu za shambani, za mjini, za nyumbani, hata za vitani, ni barakoa za Mungu. Anajificha nyuma yake akitenda yake. Mungu angeweza kukupa nafaka bila wewe kulima, ila hapendi kufanya hivyo. Nimelipenda sana neno hilo tangu chuoni. Ukimwondolea Mungu barakoa kwa nguvu, ukasema hakuna kusoma hapa, hakuna mama, ni Mungu tu, umemvua vazi alilolichagua mwenyewe kuja nalo kwako.

Kuna fundi seremala aliyetutengenezea mimbari miaka ile nikiwa mchungaji kijana. Mkono wake ulikuwa mzuri sana. Ule mzabibu aliouchonga mbele, watoto walikuwa wanapitisha vidole juu yake kila Jumapili mpaka ukang'aa. Tukimsifu anasema, "Ah, ni Mungu tu, mchungaji, mimi sina kitu." Basi akatuwekea na mlango wa sakristia. Mvua za kwanza tu, mlango ukavimba, ukawa unakwaruza sakafu unalia kama mbuzi. Nikamwita. Nikangoja aseme ni Mungu tu. Akapiga goti, akaukagua, akasema, "Hizi mbao mmeniletea mbichi." Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mimbari ni ya Mungu, mlango ni wa mwenye mbao, na fundi hayumo popote! Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejifunza maneno ya unyenyekevu mapema kuliko unyenyekevu wenyewe. Siku alipotia randa ule mlango na kuniambia, "Hapa nilikosea, sikuacha nafasi ya mbao kutanuka," niliusikia utukufu wa Mungu waziwazi kuliko kwenye mimbari.

Upande wa pili wa sarafu hiyo niliukuta nikifundisha chuo cha Biblia. Mwanafunzi anapata alama 22 kwenye Kigiriki, anakuja ofisini kwa upole: "Mwalimu, Mungu hakupanga." Nafungua daftari la mahudhurio, kakosa vipindi tisa. Lugha inayomwondoa mtu kwenye mafanikio yake humwondoa pia kwenye uzembe wake, kwa mlango ule ule.

Kuhusu mama yako sina hata chembe ya shaka. Ulifanya vema kumtaja. Nikuungamie: siku niliyotunukiwa shahada nilisimama mbele ya wageni nikamshukuru Mungu kwa maneno mazuri ya kitheolojia, nikakaa. Mke wangu alikuwa mstari wa tatu. Tasnifu ile, kurasa zaidi ya mia, aliipiga chapa yeye, kwa mashine ya taipu ya kuazima, usiku, mtoto mgongoni, na kila nilipobadili aya alianza ukurasa upya. Hakusema kitu. Aliniandalia chai tuliporudi. Nilikuja kugundua baada ya wiki kwamba nilikuwa nimemtumia Mungu kumfuta mtu, na sijui kama kuna namna mbaya zaidi ya kulitaja jina lake. Katika Kutoka 31 Mungu mwenyewe hafanyi hivyo. Anapomweleza Musa habari za ufundi wa hema anasema amemjaza roho mtu fulani, kisha anamtaja jina, la baba, la babu na la kabila: Bezaleli, mwana wa Uri, mwana wa Huri, wa kabila ya Yuda. Na msaidizi wake pia, Oholiabu, wa kabila ya Dani.

Wazee wetu wa pwani waliijua adabu hii. Watunzi wa tenzi hufungua kwa jina la Mungu na sifa zake, na wakifika mwisho hujitaja. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alimwita binti yake, akamwagiza mapema aandike Bismillahi, na mwishoni akaweka jina lake, akasema kazaliwa Pate, akaandika na tarehe. Sijawahi kusikia Mwislamu wala Mkristo akisema mama yule alimpunguzia Mungu.

Sasa nimtetee mzee kidogo, kwa sababu mimi sikuwepo siku ile. Kuna ushuhuda ambao Mungu anatajwa na bado haupo mbali na wa Farisayo wa Luka 18. Yule hakusema "nimejiweza". Alianza na "Ee Mungu, nakushukuru". Tatizo lilikuja baada ya hapo: kwamba mimi si kama watu wengine. Alikuwa anashukuru kwa kupanda juu ya kichwa cha mwenzake, mtoza ushuru aliyesimama mbali. Kwa hiyo usijipime kwa kuhesabu mara ulizosema "mimi". Jiulize: aliyefeli mtihani ule ule, akiwa amekaa benchi la nyuma, maneno yangu yalimwinua au yalimkanyaga? Na kama ulichukua dakika kumi, basi mzee ana hoja ya muda, maana watoto wa kipaimara walikuwa na njaa. Habari za bahasha za shukrani kutangazwa kwa kiasi nisizianze leo, tutakesha.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Soma Matendo sura ya 12 kwa mkupuo mmoja, kama habari moja. Inafungua na Herode Agripa kumwua Yakobo, ndugu wa Yohana, kwa upanga. Mstari mmoja tu, basi. Kisha anamkamata Petro; kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anakuja, minyororo inaanguka. Yakobo naye alikuwa mtume. Naye alikuwa na watu waliompenda, na sina sababu ya kudhani hawakumwombea. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hatuambii kwamba Petro alikuwa na imani kubwa zaidi. Anachotuambia ni kinyume kabisa: Petro alipobisha hodi, yule kijakazi Roda akakimbia ndani kusema yuko mlangoni, na waombaji wale wale wakamwambia ana wazimu. Hiyo ndiyo imani iliyomtoa Petro gerezani! Mwisho wa sura Herode anahutubia Kaisaria, watu wanapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu, anaipokea, anakufa, kwa sababu hakumpa Mungu utukufu. Mwanahistoria Yosefo naye ameandika kifo hicho, cha mwaka 44: vazi lililofumwa kwa fedha, jua la asubuhi likilimulika, na mfalme asiyewakemea wanaomwita mungu. Naona Luka ameyaweka matatu haya pamoja kusudi. Aliyeokoka, aliyechinjwa na aliyejitukuza wote wako ukurasa mmoja, na hesabu ya nani alistahili nini haikubali kukokotolewa.

Kwa hiyo uangalie kitenzi chako. "Mungu amenifaulisha" kinamfanya Mungu msahihishaji, na kama ndiye aliyekufaulisha wewe, rafiki yako anabaki na kitenzi kimoja tu cha kutumia, ambacho hata wewe umeogopa kukiandika. Lakini sema kama bibi zetu walivyosema: "Namshukuru Mungu, nimefaulu." Kufaulu ni kwako, shukrani ni kwake, na hapana hukumu juu ya mtu wa tatu. Rafiki yako naye anaweza kusema, bila uongo, "Nimefeli, na Mungu bado ni wangu," siku atakapokuwa tayari. Usimsemee wewe. Na tafadhali usimwambie Mungu ana makusudi yake. Hilo analijua tangu shule ya Jumapili, na sasa hivi linamchoma.

Mzee wako msalimie. Mwambie mchungaji mmoja anamwomba asome Yoshua 7:19, kisha mnywe chai. Nadhani mtaelewana kuliko unavyofikiri.

Jumamosi nenda kwa rafiki yako. Usiende na ushuhuda. Nenda na kikokotoo, na zile karatasi za mitihani iliyopita ulizozichorachora usiku, na kilo moja ya sukari, maana unakwenda kwao mgeni. Akitaka kulia kwanza, mwache alie. Kodi, safari hii, itasubiri.